Moshi Usiowasha Macho: Juu ya Mapishi ya Ugenini Yatazamwavyo Bangwe

Katika vitu vinavyotazamwa sana siku hizi kwa njia ya televisheni na simu, imo jamii moja ya vipindi ambayo wahakiki wetu hawajaiona kuwa yastahili wino. Ni mapishi ya ugenini. Mtu wa nchi ya mbali husimama mbele ya meza, hukata kitunguu bila haraka, husimulia habari za mama yake au za soko alikopita asubuhi, hutia mafuta katika kaango, hunyamaza kidogo, huonja, hutabasamu, na kipindi kimekwisha. Hapana aliyeuawa, hapana aliyeposa, hapana aliyeshinda wala aliyeshindwa. Walakini watu hutazama, tena hutazama wasiokusudia kamwe kupika chakula kile, na ambao hata viungo vyake hawavipati. Makala haya yataka kuuliza watu hao wanapata nini. Wala sitamwuliza mtazamaji wa London, ambaye ameandikiwa mengi. Nitamwuliza mtazamaji wa Bangwe, kwenye ncha ya ardhi iingiayo Ziwa Tanganyika kusini ya ghuba ya Kigoma.

Nilikaa Bangwe kwa shangazi yangu kati ya Juni na Julai mwaka 2024. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka ule nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilipatana kusimamisha uvuvi, na kwa upande wetu ziwa lilifungwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Juu ya hekima ya jambo hilo sina neno. Wenye elimu ya samaki wanayo yao ya kusema. Nataka tu msomaji aione pwani ilivyokuwa. Mahali ambapo kwa desturi dagaa huanikwa juu ya mchanga na juu ya vichanja, pakawa peupe. Ziwa, ambalo katika usiku wa giza huwa na taa za wavuvi hata ukadhani kuna mji wa pili juu ya maji, likawa jeusi. (Mgeni huenda asijue kwamba dagaa huvuliwa kwa mwanga wa taa, na kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi hulala, lakini safari hii walilala giza na mwezi.) Shangazi yangu hununua dagaa mbichi alfajiri, huwaanika, huwageuza, huwapepeta mchanga, kisha huwauza kwa wachuuzi wa reli. Katika miezi ile hakuwa na la kugeuza.

Jioni, baada ya kula ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa mawese, mjukuu wake alileta simu yenye vipindi alivyovikusanya mjini kwa rafiki zake, akauliza: "Bibi, leo twende Ufaransa au Uchina?" Naye bibi alijibu kwa kadiri ya hali yake ya siku ile. Kwa wiki tano nilikuwa msafiri wa tatu katika safari hizo.

Usiku wa kwanza niliandika katika daftari langu maneno makali. Niliandika kwamba haya ni mazingaombwe. Kwamba mtu ambaye chungu chake hakina samaki analiwazwa kwa samaki wa watu wengine. Kwamba twafundishwa kuyaonea haya mafiga yetu kwa kuonyeshwa meko ya watu yanayong'aa. Hukumu ya namna hii ni nyepesi kutolewa, na tumeizoea katika uhakiki wetu: chochote kiliwazacho twakiita kilevi, na chochote kitokacho mbali twakiita mtego. Nilipofika Julai daftari hilo lilinitia haya.

Kabla ya kueleza sababu, yafaa tukumbuke hekaya moja ya Abunuwasi ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameisikia. Maskini mmoja alikula chakula chake kikavu karibu na nyumba ya tajiri, akikilainisha kwa harufu ya nyama iliyokuwa ikipikwa humo. Tajiri akamshitaki, akataka alipwe harufu yake. Abunuwasi akachukua fedha, akazilizisha masikioni mwa tajiri, akamwambia: umelipwa, maana bei ya harufu ni mlio. Watu hucheka, nami nilicheka nilipokuwa mdogo. Lakini ikitazamwa vema, hekaya hii ni nadharia ya burudani. Yasema kwamba kipo kitu kitokacho katika chakula ambacho si chakula, na kwamba kitu hicho chamfaa mtu kweli, maana ugali wa yule maskini ulishuka kwa wepesi zaidi. Abunuwasi hakukana faida ile. Alikana bei tu. Siku hizi, naona, tajiri amejifunza. Harufu haitoki kabisa, mlio ndio utokao, na juu ya hayo bando la simu hulipwa kwa fedha halisi ambazo hazirudi mfukoni baada ya kulizwa. Nadhani kesi hii Abunuwasi angeshindwa.

Safari ya Ufaransa ni kipindi cha Rick Stein kiitwacho French Odyssey, kilichoonyeshwa na BBC kwa mara ya kwanza mwaka 2005 katika sehemu 10. Stein ni mpishi wa samaki. Mkahawa wake ulifunguliwa mwaka 1975 katika Padstow, mji mdogo wa wavuvi huko Cornwall, na mikono yake ni mikono ya mtu aliyeshika samaki wengi. Jambo hilo shangazi alilitambua kabla mimi sijasema neno. Katika kipindi hiki husafiri toka Bordeaux hata Marseille kwa mashua za zamani, akifuata mifereji, mmojawapo ukiwa Canal du Midi uliofunguliwa mwaka 1681. Mashua huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Miti imepangwa kandokando, maji hayana wimbi, na kila baada ya kitambo hushuka, huingia sokoni, hula kwa mtu, hurudi na kikapu, hupika.

"Chombo hiki hakina mzigo?" shangazi aliuliza.

Swali hili lilinishinda kwa siku mbili, na ndilo lililonifungulia mlango. Yeye chombo cha mwendo wa taratibu anachokijua ni Liemba, meli ile iliyoundwa na Wajerumani, ikaingia majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kwa miaka mingi baadaye ikachukua watu na dagaa na mananasi kati ya Kigoma na pwani za kusini. Aliyepanda Liemba anajua maana ya kwenda polepole. Ni kulala juu ya magunia, ni mitumbwi kuja ubavuni usiku wa manane, watoto wakipitishwa mkono kwa mkono, na mizigo ikiinuliwa kwa makelele. Upole wa mwendo kwetu ni shida. Katika mfereji wa Wafaransa upole ni mali, tena mali inunuliwayo kwa bei kubwa. Mashua ya Stein haina mzigo kwa sababu imekuwa ya kuchukua muda peke yake. Hapo ndipo ilipo siri ya vipindi hivi. Chakula ni kisingizio. Kinachoonyeshwa ni mtu ambaye hapana amngojaye kwa hasira. Kitunguu kikiungua atakata kingine. Sufuria zachafuka, na katika sehemu zote nilizozitazama sikumwona hata siku moja anayeziosha.

Je, shangazi alidanganyika? Hata kidogo. "Huyu ana watu wa kumwoshea," alisema usiku wa pili, bila uchungu, kama mtu asemaye kwamba mvua itanyesha. Alisema pia kwamba gesi yake haiishi. Basi shitaka la kwanza laanguka, maana haiyumkiniki kusema mtu amedanganywa na kitu ambacho amekwisha kukipima na kukitolea bei.

Shitaka la pili, kwamba ameukimbia ulimwengu wake, lahitaji maneno zaidi. Hapa ningependa wenzangu wa lugha wanisikilize, kwa kuwa ushahidi nilio nao ni wa lugha.

Shangazi hajui Kiingereza. Usiku wa kwanza nilijaribu kumfasiria maneno ya Stein, naye akanikataza: "Nyamaza, mwanangu, tuone." Kisha akaanza kufasiri yeye. Hakufasiri maneno, alifasiri mikono. Tena hakusema kwa amri, kama waandikavyo waandishi wa vitabu vya mapishi. Alisimulia kwa *-ka-*, kama mtu atoaye hadithi: akamchukua samaki, akampara, aa, huyu hampari, anamkwangua tu, akampasua mgongo, akatupa matumbo, akatupa na kichwa, kichwa chote kile, akainjika kaango, hakungoja mafuta yatulie, akamtia, sasa anamgeuza mapema, atamvunja, haya, amemvunja. Mjukuu alicheka mpaka simu ikaanguka. Hivyo katika robo saa nilisikia kupara, kukwangua, kupasua, kuinjika, kuunga, kubanika, kuipua na kupakua, kila neno mahali pake wala hapana lililoazima nguo ya jingine. Stein alipowaweka samaki juu ya moto wa makaa, shangazi alisema amewabanika; alipowatia katika mafuta, amewakaanga; alipomalizia mchuzi kwa kitunguu na siagi, ameuunga. Nikimfasiria mimi, mwenye shahada, ningesema amepika, amepika, amepika.

Basi alikuwa amekwenda wapi? Wasemao kwamba burudani hizi ni kuukimbia ulimwengu hufikiri mtu hukimbia kazi yake. Katika miezi ile kazi ndiyo iliyomkimbia yeye. Ujuzi wa miaka arobaini, wa kujua kwa jicho samaki aliyelala na aliyeamka, ulikuwa umekaa bila chombo cha kuushika. Kwenye simu ya mjukuu wake ukapata samaki. Kwamba samaki huyo alikuwa Ufaransa, na kwamba alivuliwa karibu miaka 20 kabla, halikumpunguzia lolote. Alimrekebisha mpishi, alimsifu, alimwonea huruma, alimshinda. Kwa nusu saa kila usiku alikuwa tena mwanamke ambaye neno lake juu ya samaki ndilo neno la mwisho. Hilo ndilo lililomliwaza. Mandhari ya mfereji aliyaona mazuri, lakini hakuyataja zaidi ya mara moja.

Uchina ilikuwa safari ya namna nyingine. Huko mwenyeji wetu alikuwa Li Ziqi, binti wa jimbo la Sichuan aliyeanza kutoa filamu zake fupi mwaka 2016, akapata watazamaji mamilioni kwa mamilioni nje ya nchi yake. Katika filamu hizo karibu hapana maneno. Yumo yeye, yumo bibi yake mzee, mna shamba, mna jiko la kuni. Hupanda maharage ya soya, huyapalilia, huyavuna, huyachemsha, huyavundika, hata mwisho mchuzi mweusi wadondoka katika bakuli. Na kazi ya miezi mingi imepita katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwa kuwa haneni, mtazamaji wa Bangwe na wa Beijing wamekaa katika mkeka mmoja. Shangazi hapo alitulia zaidi, na maneno yake yakawa machache, kwani alivijua vyombo: ungo, kinu, kisu cha kukatia kuni, chungu kikubwa. Akasema tu, "Huyu moshi wake haumwashi macho."

Kwangu hilo ndilo neno la uhakiki lililo kamili kuliko yote niliyosoma juu ya Li Ziqi. Wako wanaomsifu kwa kuwarudishia watu wa mjini shamba walilolipoteza, na wako wanaomlaumu kwa kulipamba shamba hata ufukara usionekane. Shangazi aliyasema yote mawili kwa mara moja. Moshi upo, hautaki kudanganya kwamba haupo; lakini umepigwa picha kwa upande ambao upepo hauji. Mpishi anayepuliza moto wa kuni huinamisha shingo, hufumba jicho moja, hujipangusa kwa mgongo wa mkono. Li Ziqi hukaa wima. Na tena katika lugha yetu moshi una maana ambayo Mchina yule hakuikusudia. Nyumba isiyofuka moshi jioni ni nyumba ambayo jirani mwema huiulizia. Kuona moshi ni kuona kwamba watu watakula. Wakati ule ambapo pwani nzima ilikuwa na moshi kidogo kuliko desturi yake, niliona kwamba macho ya shangazi yalikaa juu ya moshi wa Sichuan kuliko juu ya chakula chenyewe. Ajabu nyingine ni kwamba tulipokuwa tukimtazama, Li Ziqi mwenyewe alikuwa kimya. Aliacha kutoa filamu mpya mwezi wa Julai 2021 kwa ajili ya ugomvi wa kisheria na kampuni aliyoshirikiana nayo, hakurudi mpaka Novemba 2024. Naye pia, kama ziwa, alikuwa amefungwa.

Asije mtu akadhani kwamba kutazama sahani ya mgeni ni ugonjwa ulioletwa na simu. Nathari ya Kiswahili imefanya hivyo tangu zamani. Salim bin Abakari aliyesafiri Urusi na Siberia, ambaye simulizi lake lilichapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Velten, aliyatazama maisha ya wenyeji wa huko kwa jicho la mtu atakayekuja kuwasimulia wa nyumbani. Martin Kayamba naye, katika kitabu chake juu ya safari ya Uingereza kilichotoka mwaka 1932, aliwapa wasomaji wa Tanganyika raha ile ile ya kwenda bila kulipa nauli. Tofauti ni kwamba wale walituletea ugeni ukiwa umekwisha kutiwa katika maneno yetu. Filamu hutuletea ugeni bila maneno, na kazi ya kuutia katika maneno imebaki kwa mtazamaji. Kule Bangwe nilimwona mtazamaji mmoja akiifanya kazi hiyo kwa ustadi. Sijui ni wangapi wengine waifanyao gizani bila mtu wa kuandika.

Ndiyo maana vipindi vya mapishi vya Kiswahili hunisikitisha, nami nasema haya kwa heshima, maana vingi vimetengenezwa kwa fedha kidogo na watu wenye nia njema. Ubaya wake si uchache wa vyombo. Mpishi wetu wa televisheni huamuru: weka kitunguu, weka nyanya, weka chumvi, weka maji, miksi. Kitenzi kimoja kimekula vitenzi vyote. Zamani chumvi ilitiwa, chungu kiliinjikwa, nazi ilikunwa, tui likachujwa, wali ukapaliwa makaa. Leo vyote huwekwa. Nakubali kwamba kipindi cha kufundisha chataka maagizo mafupi, na anayeandika vipimo huku akimtazama mtoto asianguke hahitaji masimulizi. Lakini watu wetu hawatazami mapishi kwa ajili ya kufundishwa tu, nao watengenezaji hawajalitambua hilo. Wameiga daftari la vipimo kutoka ugenini, wakaiacha mashua. Hapana ampaye mpishi wa Kiswahili nusu saa ya kupika polepole huku akisimulia, kwa *hu-* na kwa *-ka-*, jinsi bibi yake alivyojua kwamba mawese yameiva kwa kusikia mlio wake chunguni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, alipoandika juu ya vyakula katika *Desturi za Waswahili* mwaka 1903, hakuona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa kalamu. Sisi tuna kamera, na twaona ni dogo.

Nimeambiwa na rafiki mmoja aliyeisoma rasimu hii kwamba namtukuza shangazi yangu. Huenda. Lakini nilikwenda Bangwe na nadharia, nikarudi na orodha ya vitenzi 31, na katika hivyo vinne sijavipata katika kamusi yoyote iliyo mezani pangu. Viwili nadhani ni vya Kiha vilivyovaa kanzu ya Kiswahili, na juu ya hivyo nitaandika mahali pengine.

Mwishoni mwa Agosti nilimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya haraka, na nyuma yake nilisikia watu wakibishana bei. Dagaa walikuwa wameanza kuja, alisema, si wengi lakini wanene, na jua lilikuwa zuri, na asingeweza kunena kwa muda mrefu kwa sababu walitaka kugeuzwa. Nikamwuliza kama bado anatazama mapishi. Akasema, atatazama saa ngapi? Kisha, nikidhani amekwisha kukata, akaniuliza kama yule Mwingereza wa mashua alifika Marseille, maana simu ya mjukuu ilijaa, akazifuta sehemu za mwisho kabla hawajaziona. Nikamwambia alifika.